Mabawabu wa Mtaa wa 54

Leslie Blanchard alifariki dunia Septemba 1986 jijini New York. Alikuwa mtengeneza nywele mwenye jina kubwa, na kwa zaidi ya miaka 10 aliishi na mwenza wake, Miguel Braschi, katika nyumba ya kupanga namba 405, Mtaa wa 54 Mashariki, Manhattan. Braschi alihamia hapo kiangazi cha 1975. Barua zake zilifika hapo, na anwani hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye pasipoti na leseni yake ya udereva. Mkataba wa pango, hata hivyo, ulikuwa na jina moja tu, la Blanchard.

Msiba haujapoa, Novemba ya mwaka huo huo, kampuni iliyomiliki jengo ikamwandikia Braschi kwamba yeye si mpangaji. Kwa maelezo yao alikuwa mtu aliyekaribishwa tu, na aliyemkaribisha amekufa. Desemba ikaja barua ya pili: ana mwezi mmoja awe amehama.

Mwanamume aliyefiwa na mkewe asingeandikiwa barua hiyo. Kanuni za New York kuhusu nyumba ambazo kodi yake inadhibitiwa na serikali zilisema kwamba mpangaji akifa, mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mjane au mgane wake, wala mtu mwingine wa familia yake aliyekuwa akiishi naye. Braschi hakuwa mgane mbele ya sheria, kwa kuwa wakati huo hakuna jimbo hata moja la Marekani lililofungisha ndoa ya wanaume wawili. Kilichobaki ni lile neno la pili. Je, alikuwa mtu wa familia? Kanuni ilitaja familia, lakini haikusema familia ni nani.

Tukizungumzia Marekani na wapenzi wa jinsia moja, maneno yetu huanzia kwenye ndoa na kuishia huko huko. Lakini miaka mingi kabla sheria haijakutana na watu hawa kwa msajili wa ndoa, ilikwisha kukutana nao kwenye mlango wa nyumba ya kupanga na kando ya kitanda cha mtoto. Huko maneno mawili ya kawaida kabisa, familia na mzazi, yalilazimika kupimwa upya. Historia hiyo inamgusa yeyote aliyewahi kulea mtoto asiyemzaa, au kumuuguza hadi pumzi ya mwisho mtu asiyekuwa ndugu yake wa damu.

Viraka

Marekani haina sheria moja ya ndoa, ya mirathi wala ya kuasili mtoto. Kila jimbo kati ya majimbo 50 hutunga zake, na mtu anayevuka mpaka wa jimbo huweza kuamka akiwa na haki tofauti na alizolala nazo. Kwenye makazi kulikuwa na sheria ya nchi nzima, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Sheria hiyo ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake, dini yake au taifa alikotoka. Mwaka 1974 ikaongezwa jinsia. Wapenzi wa jinsia moja hawakutajwa. Jimbo la kwanza kuwataja katika sheria yake ya kuzuia ubaguzi kwenye ajira na makazi lilikuwa Wisconsin, mwaka 1982, na gavana aliyeisaini, Lee Dreyfus, alikuwa wa chama cha Republican. New York ilikuja kutunga ya jimbo zima 2002, miaka 16 baada ya Braschi kupokea barua zake.

Kwa kuwa sheria haikuwapa nguo, watu walijishonea viraka. Waliandika wosia. Walifungua akaunti za pamoja. Mmoja alimwandika mwenzake kwenye bima ya maisha, na kusaini hati ya kumruhusu amwakilishe benki na hospitalini. Blanchard na Braschi walifanya yote hayo, na Braschi alikuwa pia mrithi mkuu katika wosia na mmoja wa wasimamizi wa mirathi.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Sheria ya New York iliruhusu mtu mzima kumwasili mtu mzima mwenzake, na baadhi ya wapenzi wakaona hapo pana njia: kama hatuwezi kuwa wanandoa, basi tuwe mzazi na mwana, ilimradi sheria itutambue kuwa ndugu. Shauri moja la namna hiyo lilifika Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo, mwaka 1984. Mwanamume wa miaka 57 aliomba kumwasili mwenzake wa miaka 50. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka 25. Majaji walikataa. Kuasili, walisema, ni kwa ajili ya kumfanya mtu kuwa mwana na mwingine kuwa mzazi. Hakukuwekwa kuwa ndoa ya mlango wa nyuma.

Mtu anaweza kukubaliana na hoja hiyo, na bado akaona uchungu uliokuwa ndani ya ombi lenyewe. Watu wawili wenye mvi, robo karne chini ya dari moja, wanasimama mbele ya jaji na kuomba waitwe baba na mwana, kwa kuwa hapakuwa na jina jingine ambalo sheria ingelisikia.

Julai 1989

Kesi ya Braschi ilipanda ngazi za mahakama wakati UKIMWI unaikumba New York, na Blanchard mwenyewe alikuwa mmoja wa waliouawa nao. Ugonjwa uliingia kwenye nyumba ambazo mkataba ulikuwa na jina moja, na jina hilo ndilo lililokuwa linazikwa. Aliyebaki, ambaye mara nyingi ndiye aliyebadilisha mashuka na kununua dawa, alijikuta akiulizwa yeye ni nani. Wenye nyumba nao walikuwa na sababu yao ya fedha: mpangaji wa zamani akiondoka, kodi ile ndogo iliyodhibitiwa kwa miaka mingi iliondoka naye.

Mahakama ya kwanza ilimpa Braschi amri ya kuzuia asitolewe. Mahakama ya pili ikaitengua amri hiyo, ikisema familia ni ile inayotambulika kisheria, kwa damu, ndoa au kuasili. Wakili kijana wa shirika la kutetea haki za raia la ACLU, William Rubenstein, akalipeleka shauri Mahakama ya Rufani. Tarehe 6 Julai 1989, kwa kura 4 dhidi ya 2, Braschi alishinda.

Hukumu iliandikwa na Jaji Vito Titone wa Staten Island. Alianza na lengo la kanuni: iliwekwa ili watu wasitupwe nje ghafla wakati wa msiba. Kama hilo ndilo lengo, alisema, basi ulinzi hauwezi kutegemea vyeti na nasaba pekee. Utegemee maisha ambayo watu wanayaishi kweli. Familia kwa maana hiyo inajumuisha pia watu wazima wawili waliofungamana kwa muda mrefu, kwa moyo na kwa mali. Kisha akataja vipimo ambavyo majaji wangevitumia: wameishi pamoja muda gani na kama kila mmoja ni wa mwenzake tu, wamejifunga kiasi gani kwa hisia na kwa fedha, wanaendeshaje maisha yao ya kila siku na wanajitambulishaje mbele ya watu, na kama hutegemeana kwa mambo ambayo watu wa nyumba moja hutegemeana.

Baada ya vipimo ukaja ushahidi, na hapa hukumu inashuka hadi kizingitini. Akaunti za pamoja zilitajwa, na visanduku vya kuhifadhia mali benki. Familia za pande zote mbili ziliwajua, nao walizitembelea na kuhudhuria shughuli zao kama watu wawili walio pamoja. Mpwa wa Blanchard bado alimhesabu Braschi kuwa mjomba wake. Wakatajwa pia mabawabu na msimamizi wa jengo, ambao siku zote waliwaona wanaume wale wawili kuwa wenza.

Tuwatazame kidogo mabawabu hawa. Bawabu ndiye anayejua nani anarudi saa ngapi, nani amebeba mfuko wa vyakula, nani anampigia daktari simu usiku. Hana haja ya nadharia ya ndoa. Kampuni iliyomiliki jengo ilisema haimtambui Braschi, na ndani ya jengo hilo hilo wafungua milango walimjua kwa miaka. Mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba ujuzi wa wafungua milango ni ushahidi.

Jaji Richard Simons, aliyepinga, alikuwa na hoja nzito. Alisema kipimo kama hicho hakishikiki: mwenye nyumba atajuaje nani ni familia bila kuchungulia maisha ya watu? Kazi ya kupanua maana ya neno, alisema, ni ya bunge. Hoja hiyo haikufa. Lakini jimbo lenyewe lilifuata njia ya Titone, na kanuni za makazi zikaandikwa upya kwa vipimo vya aina ile, zikagusa nyumba nyingi zaidi. Na kwa kuwa vipimo havikutaja jinsia ya mtu, vilimfaa yeyote aliyeishi na mwenzake kama familia bila cheti.

Mahakama hiyo hiyo, neno jingine

Mtu angetarajia kwamba majaji waliomtazama mpangaji kwa jicho hilo wangemtazama hivyo hivyo na mlezi. Haikuwa hivyo.

Wanawake wawili, waliotajwa mahakamani kama Alison D. na Virginia M., walianza kuishi pamoja New York 1978. Mwaka 1980 waliamua kupata mtoto, kwa mbegu za mwanamume aliyejitolea, na wakakubaliana Virginia ndiye abebe mimba. Mvulana alizaliwa Julai 1981. Wote wawili walimlea, na yeye aliwaita wote wawili mama. Walipoachana, mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alison aliendelea kumtembelea mara kwa mara na kulipa nusu ya mkopo wa nyumba. Kisha Virginia akaanza kupunguza ziara, na mwishowe akakata mawasiliano yote. Hata barua na zawadi zilirudishwa.

Sheria ya New York ilimruhusu mzazi yeyote kuomba mahakama impangie kumwona mtoto. Sheria haikueleza mzazi ni nani, kama vile kanuni ya nyumba isivyoeleza familia ni nani. Mei 1991 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mzazi ni wa damu au wa kuasili, na Alison hakuwa hata mmoja kati ya hao. Kisheria alikuwa mgeni kwa mtoto aliyemwita mama.

Jaji mmoja alikataa, Judith Kaye, mwanamke wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Aliwakumbusha wenzake kwamba pale bunge lilipoacha neno bila maana, ni wao wenyewe waliolijaza, na wamelijaza kwa namna inayomwumiza mtoto. Aliandika peke yake. Maoni ya jaji aliyeshindwa hayamlazimishi mtu yeyote, lakini hubaki kitabuni, na kitabu hakisahau.

Miaka minne baadaye Kaye alikuwa Jaji Mkuu wa jimbo, na shauri la kuasili likaletwa mbele yake. Sheria ya zamani ya New York ilikuwa na fundo la ajabu. Ilisema mtoto akiasiliwa, mzazi wa kuzaa huondolewa haki na wajibu wote. Kwa mtoto anayehamia kwenye familia mpya, hilo lina maana. Lakini mwanamke akitaka kumwasili mtoto aliyezaliwa na mwenza wake, ambaye wanamlea pamoja, basi kwa kusoma herufi tupu, mama mmoja akiingia kwa mlango huu, mwingine anatolewa kwa ule. Tarehe 2 Novemba 1995, kwa kura 4 dhidi ya 3, mahakama ilikataa usomaji huo. Kaye ndiye aliyeandika. Alieleza kwa utulivu anachopata mtoto akiwa na wazazi wawili wa kisheria badala ya mmoja: urithi, bima, mafao mzazi akifa au akilemaa, na mtu mwenye mamlaka ya kusaini hospitalini wakati wa dharura. Hukumu ilihusu mashauri mawili kwa pamoja, moja la wanawake wawili, jingine la mwanamke na mwanamume wasiooana. Fundo lilikuwa moja, nalo likafunguliwa kwa wote.

Hukumu dhidi ya Alison D. ilidumu miaka 25. Agosti 2016 mahakama ile ile iliifuta, ikikubali kwamba mtu aliyekubaliana na mwenzake kupata mtoto na kumlea pamoja naye anaweza kusimama mahakamani kama mzazi. Judith Kaye alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo.

Florida na ndugu wawili

Wakati New York inahangaika na maneno ambayo sheria haikuyaeleza, Florida ilikuwa imeeleza kila kitu. Januari 1977 wilaya ya Dade, ambamo jiji la Miami limo, ilipitisha kanuni ya kukataza ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja kwenye kazi, makazi na huduma. Mwimbaji Anita Bryant, aliyejulikana nchi nzima kwa matangazo ya maji ya machungwa ya Florida, aliongoza kampeni ya kuifuta, akiipa jina la kuokoa watoto. Tarehe 7 Juni 1977 wapiga kura waliifuta kwa karibu asilimia 70. Mwezi huo huo Florida ikapata sheria yenye sentensi moja fupi: mtu anayestahili kuasili hataruhusiwa kuasili ikiwa ni mpenzi wa jinsia moja. Nyumba na mtoto viliguswa katika pigo moja.

Sheria hiyo ilikuwa na ufa ambao muda uliupanua. Iliwazuia watu hawa kuasili, lakini haikuwazuia kuwa walezi wa kambo. Serikali, ikiwa na watoto wengi walioondolewa kwenye nyumba za mateso na kutelekezwa, iliendelea kuwapelekea watoto.

Usiku wa tarehe 11 Desemba 2004, watoto wawili ndugu walifikishwa kwa Frank Martin Gill, mlezi mwenye uzoefu aliyeishi na mwenza wake. Mkubwa alikuwa na miaka minne, mdogo miezi minne. Kumbukumbu za mahakama zinaeleza walivyofika. Mkubwa alivaa fulana chafu ya mtu mzima na viatu vidogo kwa saizi nne, alivyovikanyaga nyuma kama kandambili. Wote wawili walikuwa na mashilingi kichwani. Mdogo alikuwa na sikio lililoambukizwa, na dawa aliyoandikiwa haikuwa imeguswa. Mkubwa hakusema neno, wala uso wake haukuonyesha chochote. Alikuwa na shughuli moja tu: kumbadilisha nepi mdogo wake, kumlisha, kumtunza.

Tafakari mtoto huyo. Ana miaka minne na tayari ni mzazi wa mtu. Gill na mwenza wake walianza kazi ya kumrudisha utotoni, yaani kumfanya aamini kwamba mkubwa mwingine ataamka usiku mtoto akilia. Alianza kuzungumza, akaenda shule, akawa mtoto. Mwaka 2006 mahakama ilifuta haki za wazazi waliowazaa, na ndugu hao wakawa huru kuasiliwa na yeyote isipokuwa mtu waliyemjua kama baba.

Gill aliomba hata hivyo. Tarehe 25 Novemba 2008 Jaji Cindy Lederman wa Miami, aliyekuwa amezoea mashauri ya watoto, aliamua kwamba katazo lile linakiuka Katiba ya Florida na akaruhusu kuasili. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 22 Septemba 2010 mahakama ya rufaa ilikubaliana na jaji. Jambo moja katika hukumu hiyo linashangaza: serikali yenyewe ilikubali kwamba wapenzi wa jinsia moja huwa wazazi wazuri sawa na wengine. Majaji waliuliza swali jepesi. Kama mtu anafaa kupewa mtoto leo usiku, na kesho, na kwa miaka sita, kwa nini asifae kupewa milele? Hapakuwa na jibu la kuridhisha, na serikali haikuendelea na shauri. Mwaka 2015 bunge la Florida lilifuta maneno yale kwenye kitabu cha sheria, miaka 38 baada ya kuyaandika.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tunasema. Msemo huo ndio uliokuwa kwenye mizani Miami, ingawa hakuna aliyeutamka.

Kutoka kwa mtoto hadi kwenye ndoa

Michigan ilikuwa na fundo la aina yake. Mtu asiye na ndoa aliruhusiwa kuasili peke yake, na wanandoa waliruhusiwa kuasili pamoja, lakini wawili wasio na ndoa hawakuruhusiwa kuasili pamoja. Tangu 2004 katiba ya jimbo ilikuwa imefunga mlango wa ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja. April DeBoer na Jayne Rowse, wauguzi wawili wa mji wa Hazel Park, walikuwa wamechukua watoto watatu ambao wazazi wao hawakuweza kuwalea. Mmoja alizaliwa njiti wa wiki 25, gramu kama 700. Kwa sheria ile iliwabidi kugawana: msichana aliasiliwa na DeBoer, wavulana wawili na Rowse. Mezani walikuwa familia ya watu watano, lakini kwenye karatasi walikuwa familia mbili zilizopanga nyumba moja.

Siku moja waliponea chupuchupu ajali ya barabarani wakiwa na watoto ndani ya gari, na wakaanza kuulizana. Rowse akifa, wale wavulana ni wa nani? Sheria ilijibu kwamba si wa DeBoer. Januari 2012 walifungua kesi wakiomba kitu kimoja: waruhusiwe kuasili pamoja.

Jaji Bernard Friedman, aliyeteuliwa na Rais Ronald Reagan, aliwasikiliza na kuwaambia tatizo lao lina mzizi zaidi ya sheria ya kuasili. Mzizi ni katazo la ndoa, na kama wanataka haki, waupinge huo. Hawakuwa wamekuja kuomba ndoa, lakini waliongeza ombi. Tarehe 21 Machi 2014 Friedman alifuta katazo, na siku iliyofuata, Jumamosi, jozi takriban 300 za wapenzi zilifunga ndoa kabla mahakama ya rufaa haijasimamisha hukumu. Novemba mahakama hiyo iliitengua, pamoja na hukumu za Ohio, Kentucky na Tennessee. Mashauri ya majimbo hayo manne yalipelekwa pamoja Mahakama ya Juu ya Marekani, na kwa kuwa la Ohio ndilo lililotangulia orodhani, hukumu ikabeba jina la mlalamikaji wake, Jim Obergefell. Tarehe 26 Juni 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, ndoa ilifunguliwa nchi nzima. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika, alisimulia humo habari za wauguzi wa Hazel Park na watoto wao. Agosti mwaka huo DeBoer na Rowse walifunga ndoa, na aliyewafungisha alikuwa Jaji Friedman.

Hivyo mojawapo ya mito iliyojaza hukumu maarufu zaidi ya ndoa Marekani ilichimbuka kwenye kitanda cha mtoto njiti na hofu ya wazazi wawili barabarani.

Baada ya hukumu

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini majimbo yaliendelea kubishana na karatasi. Wanawake wawili wa Alabama walikuwa wamepanga nyumba Georgia ili mmoja awaasili huko watoto watatu waliozaliwa na mwenzake, na mahakama ya Georgia ikaridhia mwaka 2007. Walipoachana, Mahakama ya Juu ya Alabama iligoma kuitambua hati hiyo. Machi 2016 Mahakama ya Juu ya nchi iliirekebisha bila hata kuita mawakili: hukumu ya jimbo moja iheshimiwe na jingine. Mwezi huo huo jaji wa shirikisho alisimamisha katazo la Mississippi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja kuasili, la mwisho la aina yake. Juni 2017 ilibidi Arkansas iamriwe kuandika majina ya mama wote wawili kwenye cheti cha kuzaliwa, kama ilivyowaandika waume wa wanawake waliopata mtoto kwa mbegu za mtu mwingine.

Na nyumba? Mary Walsh na Bev Nance, wenza kwa karibu miaka 40 na wanandoa tangu 2009, waliomba nafasi katika makazi ya wazee karibu na St. Louis, Missouri. Walilipa amana, kisha wakaambiwa 2016 kwamba hawatapokelewa, kwa sababu makazi yale yalitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Walishtaki kwa sheria ile ya 1968. Januari 2019 jaji alitupa shauri lao: sheria inataja jinsia, alisema, haitaji mapenzi ya jinsia moja. Juni 2020, katika shauri la ajira linaloitwa Bostock, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumbagua mtu kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja ni kumbagua kwa jinsia yake. Kesi ya Walsh na Nance ikafufuliwa, na kabla ya mwaka kuisha pande mbili zikapatana. Mwaka 2021 wizara ya makazi ya Marekani ilitangaza kuisoma sheria ya 1968 kwa namna hiyo hiyo. Lakini tamko la wizara huondolewa na wizara, na mpangaji asiye na sheria ya jimbo nyuma yake hukaa akisikiliza upepo.

Ndiyo maana, hadi leo, mawakili wengi wa familia Marekani huwashauri wanandoa wa jinsia moja wafanye jambo linaloumiza kulisikia: mmoja wao aende mahakamani kumwasili mtoto wake mwenyewe. Jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa. Alikuwepo chumba cha kujifungulia, na ndiye aliyekesha usiku mzima akibembeleza. Hata hivyo cheti ni karatasi ya ofisi, na kuasili ni hukumu, na hukumu huvuka mipaka ya majimbo kwa nguvu kuliko karatasi ya ofisi. Basi analipa ada, anajaza fomu, na pengine anamkaribisha mkaguzi kuja kutazama nyumba ambamo mtoto tayari ana kitanda. Akipewa hukumu, hutoa nakala, na nakala husafiri na familia, pamoja na maji ya kunywa na nguo za akiba.

Braschi naye alikuwa na hati zake, na alizileta zote mahakamani. Zilimsaidia. Lakini kilichomwingiza kwenye neno familia ni miaka 10 ya kuingia na kutoka katika mlango mmoja, akisalimiana na watu waliokuwa wakiufungua. Hawakuhitaji cheti kujua nani amefiwa.